Jibu Sahihi, Picha ya Uongo: Uchambuzi wa Kisa cha Akaunti ya Geneva

Sababu ya kukichagua kisa hiki

Mtu akilaumiwa na wenzake kwamba amewadanganya, mara nyingi hujitetea kwa hoja moja: nionyesheni neno hata moja nililolisema ambalo si sahihi. Hoja hiyo huwanyamazisha wengi, kwa kuwa neno hilo aghalabu halipo. Kila alichokisema kilikuwa sawasawa, na bado waliomsikiliza waliondoka wakiamini jambo ambalo halikuwa hivyo, naye alijua kwamba wangeondoka wakiliamini.

Kisa kinachochambuliwa hapa, cha shahidi aliyeulizwa chini ya kiapo kuhusu akaunti katika benki za Uswisi, kilitokea Marekani katika miaka ya 1960 na kikafika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo ilikitolea hukumu tarehe 10 Januari 1973. Mazungumzo ya aina hii kwa kawaida hupotea mara tu yanapokwisha, na kila upande hubaki na kumbukumbu yake. Hapa maswali na majibu yaliandikwa neno kwa neno, muulizaji na muulizwaji wote walijua kwamba yanaandikwa, na baadaye majaji wa ngazi tatu waliyapima sentensi kwa sentensi. Jina la shahidi, la kampuni yake na la benki hayatajwi, kwa kuwa kinachochunguzwa ni jibu lake moja, na majibu ya namna hiyo hutolewa kila siku na watu ambao hawatafikishwa mahakamani kamwe.

Katika uchambuzi huu, usahihi ni ulinganifu wa maneno na jambo yanalolitaja: aliyetaja Zurich iwe kweli ni Zurich, na aliyetaja miezi sita iwe ni miezi sita. Ukweli unapimwa mahali pengine, yaani katika lile analoachwa nalo msikilizaji kuhusu jambo aliloliuliza. Wanamantiki wanaweza kulalamika kwamba nimetenganisha mambo ambayo kwao ni kitu kimoja, na kwa sentensi iliyosimama peke yake, bila mtu aliyeisema wala aliyeisikia, wana haki ya kulalamika. Lakini anayeuliza swali hatafuti sentensi. Anataka kujua mambo yalivyo.

Usuli

Shahidi alikuwa mzalishaji wa filamu, mmiliki pekee na rais wa kampuni iliyotengeneza filamu katika nchi mbalimbali za Ulaya kati ya mwaka 1958 na 1964. Kazi hizo zilihitaji akaunti za benki katika nchi za kigeni, na mwaka 1962, kwa mfano, kampuni ilikuwa na akaunti 37 katika nchi tano. Shahidi mwenyewe ndiye aliyesimamia miamala ya akaunti hizo.

Mwezi Juni 1964 kampuni ilielemewa na madeni ikaomba mahakama iipatie mpango wa kulipana na wadai wake chini ya sheria ya ufilisi. Tarehe 10 Juni 1966 kikafanyika kikao cha kuchunguza, kwa faida ya wadai, mali za kampuni zilikuwa kiasi gani na ziko wapi. Shahidi aliapishwa, na wakili wa mmoja wa wadai akapewa nafasi ya kumhoji. Ni muhimu kushika tangu sasa kwamba kikao kilihusu mali za kampuni, na kwamba aliyekuwa akihojiwa ni mtu ambaye kwa macho ya wadai fedha zake na fedha za kampuni zilikuwa jirani mno kiasi cha kutiliwa shaka.

Maswali manne na majibu manne

Mahojiano yaliyozua kesi ni mafupi. Kwa Kiswahili yalikuwa hivi:

Wakili: Je, una akaunti yoyote katika benki za Uswisi?

Shahidi: Hapana, bwana.

Wakili: Umewahi kuwa nayo?

Shahidi: Kampuni ilikuwa na akaunti huko kwa muda wa miezi sita hivi, Zurich.

Wakili: Je, una watu wanaokushikia akaunti katika benki za Uswisi kwa majina yao?

Shahidi: Hapana, bwana.

Wakili: Umewahi kuwa nao?

Shahidi: Hapana, bwana.

Baadaye ilibainika kwamba kuanzia Oktoba 1959 hadi Juni 1964, karibu miaka mitano, shahidi alikuwa na akaunti yake binafsi katika benki moja ya Geneva, na kwamba fedha alizoweka na hundi alizoandika katika akaunti hiyo zilizidi dola 180,000. Akaunti ilikoma mwezi uleule ambao kampuni iliomba ulinzi dhidi ya wadai.

Sasa yapimwe majibu yake. Siku ya kikao hakuwa na akaunti Uswisi, hivyo jibu la kwanza ni sahihi. Kampuni ilikuwa kweli na akaunti Zurich kama alivyoeleza, hivyo la pili ni sahihi. Hakuwa na watu wa kumshikia akaunti, wakati ule wala kabla yake, hivyo la tatu na la nne ni sahihi. Hata serikali iliyomshtaki haikubisha juu ya hilo. Majibu manne, hakuna hata moja lenye kosa, na aliyeyasikiliza yote kwa makini angetoka nje akiamini kwamba mtu huyu hajawahi kuwa na akaunti ya Uswisi kwa jina lake.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa wakili wa wadai, nao ulifanyika ndani ya sekunde chache. Aliposikia habari za Zurich hakurudi nyuma, akapita kwenda swali la tatu. Uamuzi huo unaeleweka, kwa sababu sikio la binadamu limezoea kuyachukua maelezo yanayofuata swali kuwa ndiyo jibu la swali, na maelezo haya yalikuja na jina la mji na muda, mambo mawili ambayo wakili anayetafuta mali anayapenda.

Uamuzi wa pili ni wa waendesha mashtaka, walioamua kumfungulia shahidi mashtaka ya kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo. Nadharia yao ilikuwa kwamba alilijibu swali la pili kwa maneno sahihi yaliyoelekezwa kwenye kampuni badala ya kwake mwenyewe, kwa nia ya kumpoteza muulizaji, na kwamba kwa kufanya hivyo alidokeza kuwa yeye hakuwahi kuwa na akaunti. Walijua hawana sentensi ya uongo mkononi. Walichokuwa nacho ni kidokezo.

Katika mahakama ya New York, jaji aliwaelekeza wajumbe wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwamba jibu lisilo na uongo katika maneno yake linaweza hata hivyo kuwa kauli ya uongo likitazamwa katika mazingira lilimotolewa. Ili waelewe, aliwapa mfano wa mtu anayeulizwa ameingia dukani mara ngapi siku fulani, naye akajibu mara 5, huku akijua kwamba ameingia mara 50. Kitaalamu, mtu aliyeingia mara 50 ameingia pia mara 5. Juri ikamtia shahidi hatiani, na mwaka 1971 mahakama ya rufani, jaji mmoja akipinga, ikakubaliana na hukumu hiyo kwa hoja kwamba nusu ya ukweli inayotolewa kwa makusudi mahali pa jibu lililoombwa ni uongo.

Mahakama ya Juu ikaenda njia nyingine, na majaji wote walikuwa na kauli moja. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Warren Burger. Sheria, alisema, inamwadhibu anayeapa kisha akatamka kwa makusudi jambo la maana ambalo yeye mwenyewe haamini kuwa ni kweli. Haisemi kwamba inamwadhibu pia anayetamka jambo la kweli linalodokeza lingine asiloliamini. Hukumu haikujifanya kutoona kidokezo. Ilikubali kwamba kidokezo kilikuwepo, na kwamba katika mazungumzo ya kawaida msikilizaji angekuwa na haki ya kukifikia. Ila haya, mahakama ilisema, si mazungumzo ya kawaida. Shahidi akikwepa swali, ni wajibu wa wakili kutambua kwamba limekwepwa na kumrudisha kwenye hoja.

Sababu za kisera zilikuwa mbili, na zote zina uzito. Mashahidi wakweli kabisa, wakiwa chini ya shinikizo la kuhojiwa, mara nyingi hujibu mambo ambayo hawakuulizwa. Ukiwaadhibu kwa vidokezo utawaadhibu pia hao. Tena, tangu zamani sheria ya kiapo imekuwa ikiogopa kuwa kali kiasi cha kuwafanya watu waogope kuja kutoa ushahidi.

Matokeo

Hukumu ya hatia ilifutwa. Tangu hapo mawakili wa Marekani wamekuwa wakifundishwa kwamba mashtaka ya kiapo cha uongo yanahitaji swali lililo kamili na jibu lililo la uongo katika maneno yake, na utetezi wa kusema kwamba maneno yalikuwa sahihi umekuwa na jina lake katika vitabu vya sheria. Kuhusu swali kama shahidi alimpoteza wakili kwa makusudi, mahakama haikusema kwamba hakufanya hivyo. Ilisema kwamba hilo silo kosa aliloshtakiwa nalo.

Uchambuzi: jinsi jibu la pili lilivyofanya kazi

Jibu la pili linastahili kutazamwa kwa ukaribu kuliko mengine yote. Swali lilikuwa linadai ndiyo au hapana, na jibu halina ndiyo wala hapana. Lina maelezo. Maelezo hayo yanamtaja mhusika mwingine, kampuni, na yanafungwa kwa mambo mawili mahususi, muda na mji. Umahususi huo ndio uliofanya kazi kubwa. Mtu anayetaja Zurich na miezi sita anaonekana kama mtu aliyefungua mkono wake wote, na msikilizaji hawazi kwamba aliyekuwa mkarimu kiasi hicho kwa jambo dogo ameliacha kubwa. Usahihi wa kile kilichosemwa uliwekwa mbele ya kile ambacho hakikusemwa, ukakifunika.

Kuna jambo lingine katika maandishi ya kikao ambalo kwangu lina uzito kuliko hoja zote za nia. Swali la "Umewahi?" liliulizwa mara mbili ndani ya dakika moja. Mara ya pili, lilipohusu watu wa kushika akaunti, lilijibiwa moja kwa moja: hapana. Pale ambapo hapana ilikuwa jibu salama, shahidi aliitoa bila kuzunguka. Pale ambapo hapana ingekuwa uongo na ndiyo ingemfungulia mlango wa maswali kuhusu Geneva, alihamia kwenye kampuni. Muulizaji, kiapo na saa vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni gharama ya jibu.

Hata hivyo haki inataka upande wa pili usemwe. Kikao kilihusu mali za kampuni, na shahidi alikuwa pale kama rais wake. Kiingereza kinatumia neno lilelile kumwambia mtu mmoja na kuwaambia wengi, kwa hiyo mtu aliyetumia saa nzima akiulizwa habari za kampuni anaweza kulisikia swali kama linawahusu wote. Mahakama ya Juu ilichukulia kwamba swali la kwanza lilimlenga yeye binafsi, na kwa kulinganisha jibu la pili na la nne naamini alilielewa hivyo. Lakini mtu hafungwi jela kwa kile ninachoamini mimi baada ya kulinganisha mistari miwili, na hapo ndipo hukumu ilipopata nguvu yake.

Uchambuzi: mfano wa duka

Mfano wa kuingia dukani mara 5 ulifika mpaka Mahakama ya Juu, na mahakama ikaujibu katika tanbihi. Ilisema ni vigumu kukubali kwamba jibu linalopunguza hesabu, likitolewa kwa swali linaloomba hesabu, ni la kweli hata kwa kiwango cha kitaalamu tu. Mtu aliyeulizwa "mara ngapi?" akajibu "mara 5" amesema mara 5, wala zaidi ya hapo hakuna.

Naona tanbihi hiyo ina somo kubwa kuliko kurasa nyingi za hukumu yenyewe. Mahakama iliyoshikilia maneno kama yalivyotamkwa ililazimika, hapa, kutoka nje ya maneno. Sentensi "Niliingia dukani mara 5", ikiwa imeandikwa ukutani bila swali, haipingani na kuingia mara 50. Inakuwa uongo pale tu inapowekwa chini ya swali lake. Maana yake ni kwamba hata usahihi wenyewe, ule ambao watu huuchukulia kuwa ni mali ya sentensi peke yake, huwezi kuupima bila kujua kilichoulizwa.

Tofauti ya kesi hizi mbili iko katika kile kinachoonekana. Anayejibu "mara 5" amelijaza swali lote. Muulizaji haoni pengo popote na hana sababu ya kuuliza tena. Anayejibu habari za kampuni alipoulizwa habari zake ameacha pengo lililo wazi katika maandishi, na yeyote mwenye kalamu mkononi anaweza kulionyesha kwa kidole. Mahakama iliuweka mzigo kwa yule anayeweza kuliona pengo, akiwa amefunzwa kuliona, akiwa na mamlaka ya kuuliza tena mara kumi akitaka.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Kama sheria ya jinai, uamuzi ulikuwa mzuri. Kumwachia juri ikisie kama mtu aliyetoa jibu sahihi alikuwa na nia ya kumpoteza muulizaji ni kuiweka hatia ndani ya kichwa cha mshtakiwa, mahali ambapo hakuna shahidi wa pili. Mtu mwoga anayezungukazunguka kwa sababu ya hofu na mtu mjanja anayezunguka kwa hesabu hutoa majibu yanayofanana sana katika maandishi.

Mahojiano ndiyo yaliyoshindwa. Swali moja lingetosha: wewe binafsi, kwa jina lako, umewahi kuwa na akaunti katika benki yoyote ya Uswisi? Kwa swali hilo shahidi angebaki na njia tatu tu, yaani kusema ukweli, kusema uongo ulio wazi, au kukataa kujibu, na kila moja ingewapa wadai kitu cha kushika. Jibu la Zurich lilikuwa ishara kwamba swali limegusa mahali penye kidonda, nalo likapokelewa kama taarifa.

Kilichoshindwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna uamuzi kama huu unavyosomwa na watu wa kawaida. Mahakama ilisema kwamba jibu sahihi linalopotosha si kosa la kiapo cha uongo. Wengi husikia kwamba jibu sahihi linalopotosha si udanganyifu. Hukumu ilitenganisha chumba cha mahakama na mazungumzo ya kawaida kwa maneno yasiyo na utata, na kwa kutenganisha hivyo ilikiri kwamba nje ya chumba kile kipimo ni kingine.

Kipimo cha nje ya mahakama

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967, alieleza kwamba mazungumzo huendeshwa kwa kudhani ushirikiano: anayesikiliza huchukulia kwamba anayesema ametoa taarifa ya kutosha kwa haja iliyopo, inayohusiana na jambo linalozungumzwa. Bila dhana hiyo hakuna anayeweza kumwelewa mwenzake, kwa kuwa hakuna anayesema kila kitu. Shahidi wa kisa chetu hakuivunja dhana hiyo kwa uwazi, aliitumia. Jibu lake lilifanya kazi kwa sababu wakili alidhani kwamba linahusiana na swali.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda nyumbani. Binti aliye Mwanza anampigia simu kaka yake aliyebaki na baba yao mgonjwa, anamuuliza: "Baba amekunywa dawa?" Kaka anajibu: "Nimemwekea mezani pamoja na maji." Dawa kweli ziko mezani, maji yapo, na ni yeye aliyeziweka. Baba hajazigusa tangu asubuhi, na kaka anajua. Binti anashusha pumzi, anabadilisha mazungumzo. Usiku hali ya mzee ikibadilika, kaka atasema kwamba hakusema amekunywa, na atakuwa sahihi. Lakini alijua dada yake anauliza nini, na alijua ameelewa nini, na akauacha uelewa huo usimame kwa sababu kuurekebisha kungemletea lawama.

Hapa hakuna wakili wa upande wa pili. Dada hawezi kumhoji kaka yake kama shahidi bila kuonekana kwamba amemtuhumu, na kwetu kumuuliza mkubwa jambo lilelile mara ya pili ni karibu na kumwambia mwongo. Jaribu kumuuliza baba mkwe wako, baada ya kukueleza kwamba shamba "halina kesi", kama ana maana halijawahi kuwa na kesi au kesi imeahirishwa. Adabu imelifunga lile swali la pili ambalo Mahakama ya Juu ililiona kuwa dawa. Kwa sababu hiyo mzigo hauwezi kubaki kwa muulizaji. Unamhamia anayejibu, ambaye peke yake ndiye anayeliona pengo na ndiye mwenye uhuru wa kuliziba.

Sheria za mikataba zimelijua hili kwa muda mrefu. Mwaka 1886, katika kesi ya Uingereza kuhusu ardhi ambayo mnunuzi, kampuni ya matofali, aliitaka kwa kazi hiyo, wakili wa muuzaji aliulizwa kama ardhi ina masharti ya kuzuia matumizi. Akajibu kwamba yeye hana habari ya masharti yoyote. Ilikuwa sahihi kabisa: hakuwa na habari kwa sababu hakuzisoma hati, na masharti yaliyozuia kiwanda cha matofali yalikuwemo. Mahakama iliona kwamba jibu lile lilipotosha, na mnunuzi akaruhusiwa kujitoa katika mkataba. Sheria ya Mikataba ya Kenya inatambua sheria ya kawaida ya Kiingereza kuhusu mikataba, na ile ya Tanzania, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa sehemu ya ulaghai. Muuzaji wa gari lililotumika Japani akiulizwa kama limewahi kugongwa, akajibu kwamba tangu lishuke bandarini halijaguswa, hapaswi kutegemea sana usahihi wa sentensi yake ikiwa karatasi za mnada zilizoonyesha bodi iliyonyooshwa zimo kwenye droo yake.

Upande wa pili wa tofauti

Kuna kauli ambazo hazina usahihi na bado zinasema kweli, na kuzisahau kungelipindisha somo. Mfiwa akisema kwamba mtaa mzima ulikuja kuzika, hakuna anayekwenda kuhesabu nyumba; amesema walikuja watu wengi na kwamba hakuachwa peke yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyeulizwa saa akajibu saa mbili, wakati ni saa mbili na dakika nne, amemsaidia anayewahi basi la saa tatu. Anayemrekebisha mfiwa kwa hesabu ya wasiokuja anaongeza usahihi, na hakuna ukweli wowote anaouongeza. Shahidi wetu naye alisema "miezi sita hivi", na hakuna aliyemlaumu kwa ile "hivi". Makadirio hayakuwa tatizo lake.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa wingi wa maelezo wala ukali wa takwimu. Kauli ya makadirio inayojibu swali humwacha msikilizaji karibu na hali halisi, na kauli ya uhakika inayojibu swali jirani humwacha mbali nayo huku ikimpa imani kwamba amefika.

Matumizi katika vikao

Kisa hiki kina faida ya moja kwa moja kwa vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za misiba, bodi za shule na vikao vyote ambamo mtu mmoja anashika fedha na wengine wanauliza. Mwanachama anauliza: kuna kiongozi ambaye hajarejesha mkopo wake? Mweka hazina anajibu kwamba mikopo yote ya mwaka huu inarejeshwa vizuri. Kama kiongozi alikopa mwaka jana, jibu ni sahihi na kikao kimepotezwa. Kinachotakiwa hapo hakihitaji kumtuhumu mtu yeyote. Katibu anapoandika muhtasari aliandike swali kwa maneno yake, chini yake aandike jibu, kisha alisome lote mbele ya kikao kabla ya kuendelea na ajenda inayofuata. Pengo likionekana, aandike kwamba swali halijajibiwa na litaulizwa tena, likimtaja nani, kwa kipindi gani na kwa mikopo ipi. Mwenyekiti ndiye anayeliuliza mara ya pili, kwa niaba ya kikao, ili asiwepo mwanachama anayelazimika kuchagua kati ya kujua na kuonekana hana adabu.